KIJIJI KISICHO NA MEYA: NICODEMUS NA KAUNTI YAKE



Leo tunaongea juu ya swali linaloulizwa sana mahali ambapo watu wamekimbia: kijiji ni nini? Nyumba zimeungua, watu wametawanyika, chifu mwenyewe anakaa ugenini. Je, kijiji kingali kijiji?

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataja miji, komini, sekta na sheferi. Hizo ndizo zilizopewa nguvu ya kujiongoza, kuwa na halmashauri yao na bajeti yao. Kijiji hakimo. Grupema haimo. Hata teritwari, pamoja na ukubwa wake, haimo. Kijiji kina chifu wake na heshima yake, lakini mbele ya sheria kinapita nyuma ya sheferi au sekta. Wengi hawalijui jambo hilo mpaka siku wanapotafuta karatasi.

Ili tusiguse kidonda cha mtu, tutoke kwetu kidogo. Twende Marekani, katika jimbo la Kansas, tuangalie kijiji kinachoitwa Nicodemus. Kimo ndani ya kaunti ya Graham. Kaunti ni kama teritwari: ina watu waliochaguliwa kuisimamia, ina mkuu wa polisi, ina biro ya kuandika mashamba, na ndiyo inayotunza barabara za mashambani. Nicodemus haikuandikwa kamwe kuwa mji. Haina meya wala halmashauri ya mji. Mambo yake makubwa yanaamuliwa na kaunti, na makao ya kaunti yako Hill City, kilometa 19 hivi upande wa magharibi.

Kilianzishwa mwaka 1877. Utumwa ulikuwa umekwisha Marekani tangu 1865, lakini watu weusi wa kusini waliona kwamba uhuru bila shamba na bila usalama ni uhuru wa mdomo. Mzungu mmoja aliyeitwa W. R. Hill, mfanya biashara ya ardhi, pamoja na mchungaji mweusi, W. H. Smith, waliunda kampani ya kuanzisha kijiji. Waliwatangazia watu wa Kentucky kwamba nchi ile ni nzuri, ina udongo mwema na maji. Mwezi wa Septemba mwaka ule zaidi ya watu 300 walipanda gari la moshi, wakashuka mahali panapoitwa Ellis, kisha wakatembea kwa miguu kilometa 56 hivi, pamoja na watoto wao.

Walipofika hawakuona kijiji. Waliona nyika bila miti na moshi unaotoka ardhini, kwa sababu wale waliotangulia walikuwa wamechimba mashimo katika kilima na kuishi humo. Mwanamke mmoja aliyefika mwaka uliofuata alisimulia baadaye kwamba mume wake alipomwonyesha ule moshi na kusema ndiyo Nicodemus, alianza kulia. Familia nyingi ziligeuka zikarudi. Wengine walimkasirikia sana yule Hill. Ninyi munaoongoza watu waliohama, angalieni hapo: uwongo wa yule mtu haukuwa mkubwa sana, udongo ulikuwa mwema kweli. Lakini alinyamaza juu ya baridi, juu ya ukosefu wa kuni na vyombo vya kulimia, na baada ya hapo nani angemwamini tena?

Majira ya baridi yakafika. Wengi hawakuwa na farasi wala plau. Walikuwa wamevunja udongo kwa jembe na koleo. Chakula kikapungua. Inasimuliwa mpaka leo pale kijijini kwamba Waindiani wa kabila la Osage, wakitoka mawindoni, waliwagawia nyama na chakula. Sasa sikilizeni vizuri. Waosage wenyewe walikuwa wamehamishwa. Miaka michache tu mbele ya hapo leta ya Marekani ilikuwa imewaondoa Kansas na kuwapeleka kusini, katika nchi inayoitwa leo Oklahoma. Kwa hiyo aliyepoteza nchi alimlisha aliyekuja kutafuta nchi.

Jambo hilo linafurahisha, lakini pia linauma, na si vema kulifunika. Ile nyika haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Wacheyenne, Wapawnee na wengine walikuwa wakiwinda mule tangu zamani. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa kila aliyetaka kulima ekari 160, yaani hektari 65 hivi, kwa sharti akae na kulima miaka mitano; kisha alipewa karatasi. Sheria nzuri kwa aliyepewa. Wale waliokuwa na nchi hawakuulizwa. Mtu anaposema mbele yenu kwamba mahali fulani ni pori tupu na wakimbizi wanaweza kuwekwa huko, ulizeni kwanza nani anawinda pale, nani anachunga, nani amezika wazee wake pale.

Turudi Nicodemus. Mwaka 1880 katika kijiji na eneo lililokizunguka kulikuwa na watu weusi 258 na wazungu 58. Kaunti nzima ilikuwa na watu 4,258, wengi wao wazungu. Kwa hiyo wale wa Nicodemus walikuwa wengi kwao na wachache katika kaunti. Wangeweza kujifungia. Hawakufanya hivyo. Mwaka ule ule kaunti ilipopangwa rasmi, karani wake wa kwanza alikuwa kijana mweusi aliyekuja kukaa Nicodemus, Edward P. McCabe. Mwanzoni aliteuliwa na gavana, baadaye akachaguliwa kwa kura. Mwaka 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo lote la Kansas.

Karani ni kazi isiyopigiwa ngoma. Lakini kumbukeni nini kinapita mikononi mwake: majina, maamuzi, hesabu ya kodi. Mgeni anapoona mwenzake ameshika kitabu cha kaunti, hofu yake inapungua. Na mwenyeji anapoona kitabu kile kimeshikwa vizuri, naye hofu yake inapungua. Kuna wakubwa wanaofikiri kwamba kumpa mgeni kiti katika baraza ni kumpa nchi. Pale Graham wazungu walimpa mtu mweusi kalamu, na nchi yao hawakuipoteza.

Walijenga pia shule. Mama mmoja, Jenny Fletcher, alianza kufundisha watoto ndani ya yale mashimo. Shule ya Nicodemus ndiyo iliyoandikwa nambari ya kwanza katika kaunti nzima, mwaka 1879.

Kijiji kikakua, kikawa na maduka, hoteli, makanisa na hata magazeti mawili. Halafu likaja jambo la reli. Mwaka 1887 wapiga kura walikubali deni la dola 16,000 ili gari la moshi lipite kwao. Mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto Solomon, kilometa chache tu kutoka pale. Wenye maduka wakahama kuifuata, na kijiji cha Bogue kikaota kando ya reli. Hapa ndipo udhaifu wa kijiji kisicho na mamlaka unaonekana. Reli inapangwa na watu wa mbali, na kijiji kinasikia habari ikiwa imekwisha. Hapakuwa na vita. Hakuna aliyechoma nyumba hata moja. Lakini barabara ikihama, watu wanahama.

Miaka ya 1930 ukaja ukame mkali wenye vumbi, na mwaka 1935 walibaki watu 76. Posta ilifungwa mwaka 1953. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta watu 14 katika Nicodemus, na 2,415 katika kaunti nzima. Munaona kwamba kaunti nayo imepungua. Si kijiji peke yake.

Watu 14! Kwetu hata familia moja inaweza kufika hapo. Na bado Nicodemus iko. Kwa nini? Kwa sababu karatasi za mashamba zilibaki katika biro ya kaunti, na wajukuu wa wale wa kwanza wangali na mashamba pale, hata wale wanaokaa miji ya mbali. Kwa sababu kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Julai, wanarudi kutoka kila upande, wanaabudu, wanakula pamoja, wanawaonyesha watoto mahali pa babu zao. Desturi hiyo ni ya tangu karne ya 19. Na wao wenyewe walisumbua serikali mpaka mwaka 1996 kijiji kikatangazwa mahali pa historia ya taifa: majengo matano, kati yake makanisa mawili, shule, hoteli ya zamani na nyumba ya mawe ya mikutano.

Kuna jambo moja la mwisho, kwa sababu mutaliuliza. Wale wanaorudi Julai, je, wanapiga kura katika kaunti ya Graham? Hapana. Kule mtu anapiga kura anapokaa. Shamba anaweza kulishika akiwa mbali, kaburi la baba anaweza kulitunza, lakini barabara ya kaunti itaamuliwa na wale waliobaki. Kwa hiyo wale 14, pamoja na majirani zao wa Bogue na Hill City, ndio wanaowasemea mamia walio mbali.