Mlango uliojifunga ungali wazi



Ikiwa unalo gari lenye umri, au umewahi kupewa lifti katika gari la namna hiyo, yumkini umekutana na mlango huu. Unaufunga, unagonga, unarudi. Unaubamiza kwa nguvu zaidi, unarudi vilevile. Waliomo ndani wanakutazama. Mwisho unatafuta kamba, unaufunga mlango kwenye kiti, safari inaendelea.

Mimi niliishi na mlango huo kwa karibu miezi miwili hapa Dodoma. Ulikuwa wa mbele, upande wa abiria, mahali anapokaa mama yangu tunapokwenda ibadani. Mama ni mtu mzima sana sasa, na goti lake moja halikunji vizuri. Kwa hiyo kila Jumapili alipanda kiti cha nyuma kwa shida, akiwa ameshika bega langu, na ule mlango wa mbele ukabaki umefungwa kamba ya manila. Hakulalamika hata siku moja. Nami kila Jumapili nilijiambia nitaushughulikia wiki ijayo.

Jumamosi moja nikaenda gereji. Fundi, kijana mdogo tu, akaniamkia, akachuchumaa ubavuni mwa mlango akakitazama kitasa. Hakuugusa mlango wenyewe.

“Mzee, umeubamiza mara ngapi huu?”

Nikamwambia sikumbuki.

“Mlango hauna ubaya. Kitasa kimejifunga wakati mlango uko wazi.”

Nifuatilie hapa, msomaji, maana na wewe litakusaidia siku moja. Ndani ya kitasa mna kipande cha chuma chenye umbo la kucha, kinachozunguka. Kwenye fremu ya gari kuna pini nene. Ukifunga mlango, pini huingia katikati ya ile kucha, kucha huzunguka na kuikumbatia, kisha kipande kingine kidogo huikaba isirudi. Ukivuta hendeli, kile kipande huachia, kucha hufunguka, na mlango unafunguka. Lakini vumbi likiingia na grisi ya zamani ikakauka, kucha huwa nzito na hairudi vizuri. Inaweza kujikaba bila kushika chochote. Kuanzia hapo kila unapobamiza, pini inagonga mgongo wa kucha ambayo tayari imefunga. Nguvu unayoongeza haisaidii. Inapinda vyuma.

Fundi akaniambia, “Vuta hendeli, mzee, usiachie.” Nikavuta. Yeye akaisukuma kucha kwa bisibisi, taratibu, mpaka ikaruka na kufunguka. Kazi ya dakika moja, lakini inataka mambo mawili kwa pamoja. Ukisukuma kucha bila hendeli kuvutwa, haisogei. Ukivuta hendeli bila kusukuma kucha iliyoshikwa na uchafu, haisogei.

Nilidhani tumemaliza. Akanionyesha ncha ya bisibisi: tope jeusi. “Uliweka nini humu?” Nikakiri kwamba nilimwagia oili chafu, nikiamini nimelainisha. Akatikisa kichwa. Oili chafu hulainisha kwa siku chache, kisha inaita vumbi, na vumbi likichanganyika nayo linakuwa tope. Akapuliza WD-40, akasugua kwa mswaki wa zamani, akafuta kwa kitambaa, akarudia mpaka kitambaa kikatoka safi. Akanieleza kwamba hata dawa hiyo peke yake haitoshi. Inaosha na kulegeza kutu, lakini haidumu. Ndipo akapaka grisi nyeupe ya lithiamu, kidogo, akaichezesha kucha ili grisi ienee, na nyingine akaweka kwenye bawaba.

Kabla ya kufunga mlango alifanya jaribio moja. Aliisukuma kucha kwa bisibisi kana kwamba ndiyo pini: ikalia mara ya kwanza, ikalia mara ya pili. Mlio wa kwanza ni nusu, wa pili ndio kufunga kamili. Kisha akavuta hendeli kuona kama itaachia. Ikaachia. “Usifunge mlango kabla hujajua kama utafunguka,” akasema. Akausukuma kwa vidole viwili, ukafungika.

Kesho yake mama akakaa mbele. Tulipofika karibu na kanisa akaupapasa mlango, akasema bila kunitazama, “Mwanangu, huu umeufungua. Na mdogo wako utamfungulia lini?”

Msomaji wangu, mimi ni mzee wa kanisa. Nashika kapu la sadaka. Na kwa miaka miwili nilikuwa sisemezani na mdogo wangu anayeishi Kongwa, kwa ajili ya shamba aliloacha baba. Shamba lenyewe ukoo ulikwisha kuligawa, kila mtu akapata sehemu yake. Hapakuwa na kitu cha kugombania tena. Moyo wangu ulikuwa umejifunga, nao haukushika chochote. Kila nilipompigia simu, nilianza na yale yale ya zamani kwa sauti kubwa kuliko mara iliyopita. Nilikuwa nabamiza. Na baada ya kubamiza niliwaambia watu kanisani kwamba mimi nimejaribu, yeye ndiye mgumu.

Bwana wetu alifundisha, katika Mathayo 5:23-24, kwamba mtu akiikumbuka kesi aliyo nayo ndugu yake akiwa amefika madhabahuni, aiache sadaka pale kwanza akapatane naye. Nimesoma mistari hiyo mbele ya watu mara nyingi. Siku ile niliisikia.

Tazama pia katika Marko 7 jinsi Yesu alivyomfungua yule kiziwi aliyesema kwa shida. Hakumpigia kelele. Alimtoa kando, mbali na mkutano, akamgusa masikio na ulimi. Na katika Luka 10, Msamaria alimtia majeruhi mafuta na divai. Watu wa zamani walisafisha kidonda kwa divai na kukituliza kwa mafuta. Vyote viwili vilihitajika. Maneno matamu juu ya kosa lisilokiriwa ni oili chafu: yanateleza leo, kesho yameshika vumbi.

Basi nikamwomba mjomba wetu avute hendeli. Yeye ndiye aliyezungumza na mdogo wangu kwanza, nami nikajua kazi yangu ni kusukuma taratibu. Tulikwenda Kongwa siku ya kazi, bila watu wengi. Nikamwambia nilimkosea kwa yale niliyosema siku ya kugawana, nikayataja moja moja. Hakunikumbatia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwita mkewe alete chai. Tukazungumza habari za mvua.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Habari za shamba bado hatujazigusa. Lakini nampigia kila Jumatano, hata kama sina la maana, na simu inapokelewa. Hiyo ndiyo grisi, na haipakwi mara moja ikatosha.

Ndugu yangu, leo utakapofunga mlango wa gari au wa nyumba ukienda ibadani, jiulize ni nani unayembamizia. Kama yupo, acha kuongeza nguvu. Chungulia kwanza kama si wewe uliyejifunga. Tafuta mtu wa kuvuta hendeli. Safisha kabla ya kulainisha. Na usingoje mpaka mama yako azoee kupanda kiti cha nyuma.

Bwana atupe mioyo inayofunguka. Jumapili njema.