Kumpa na kumnywesha: paka, kidonge na kauli ya kutendesha

Paka wetu alirudi nyumbani na jeraha shingoni baada ya kupigana na paka wa jirani, na baada ya siku chache jeraha likawa jipu. Daktari wa mifugo alilitumbua, akalisafisha, akatuandikia vidonge vya siku saba, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Siku ya tano shingo ilikuwa imevimba tena. Daktari akauliza: «Mlimnywesha dawa?» Mama akajibu bila kusita: «Tulimpa kila siku.» Jioni hiyo, nilipovuta gunia la unga ili nifagie, nilikuta nyuma yake vidonge vinne vilivyolowa mate na kukauka.

Mama hakudanganya, ila swali na jibu havikuwa na kitenzi kimoja. Hapo ndipo somo la sarufi lilinirudia.

Kitenzi -pa hakikai bila kiambishi cha mtendwa: nimempa, umenipa, wametupa. Lazima pawepo anayepokea. Lakini kazi yake huishia pale kitu kinapotoka mkononi mwa mtoaji. Mpokeaji akikila, akikificha au akikitema, hayo yanahitaji kitenzi kingine. Ndiyo maana naweza kusema «Nilimpa paka dawa, lakini hakunywa», na hakuna atakayeshangaa.

Sasa tuchukue kunywa na kukitia katika kauli ya kutendesha: kunywesha. Paka, aliyekuwa kiima katika «paka amekunywa», amekuwa mtendwa, nami nimeingia mahali pake. Lakini tendo la kunywa halikuondoka. Jaribu kusema «Nilimnywesha paka dawa, lakini hakunywa»: sentensi inajipinga yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa kumeza na kumezesha, kula na kulisha.

Kuna njia ya tatu: «nimemfanya anywe». Hapa kuna vitenzi viwili, na paka amebaki kiima cha kitenzi chake: ni yeye anayekunywa. Nyumbani njia hizi mbili, kumfanya anywe na kumnywesha, ni kazi mbili tofauti kabisa za mikono.

Anza na ile inayomwachia paka nafasi yake. Muulize kwanza daktari kama dawa inaweza kwenda na chakula. Kama inaweza, ngoja paka awe na njaa, kisha andaa matonge matatu madogo ya samaki. Kwetu Bukavu tunatumia sambaza. La kwanza halina dawa, la pili lina kidonge, la tatu halina. Mpe la pili na la tatu yakifuatana haraka, ili tamaa ya la tatu imfanye ameze la pili bila kulichunguza. Usivuruge dawa katika sahani nzima, maana akibakiza nusu hutajua amekunywa kiasi gani. Usikisage kidonge bila ruhusa: vingine vimefunikwa ili visionje uchungu au viyeyuke polepole. Sukari nayo, inayosaidia kwa watoto, haina kazi hapa: ulimi wa paka hauonji utamu.

Akikataa, ndipo tunapofika kwenye kunywesha. Ni afadhali muwe wawili. Mmoja amzungushie paka kikwembe, miguu yote ndani, kichwa nje, bila kumbana kifua. Mwingine ashike kichwa kutoka juu, kidole gumba upande mmoja wa mashavu na vidole vingine upande wa pili, ainue pua ielekee juu. Taya la chini litalegea. Kwa kidole cha mkono wa pili alifungue, aweke kidonge mbali nyuma, katikati ya ulimi, kisha afunge mdomo na kupapasa koo. Paka akilamba pua, mara nyingi amemeza. Mwisho mpe maji kidogo, kama mililita 5, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Maji haya ni ya lazima: kidonge kikavu huweza kunasa katika umio na kuuchoma. Doksisiklini hasa inajulikana kwa madhara hayo.

Maji na dawa za majimaji hupitia pembeni, kati ya shavu na meno, nyuma ya chonge, kidogo kidogo, paka akipumzika kumeza. Hapa kichwa kisiinuliwe sana wala bomba lisielekezwe kooni, kwa sababu dawa huweza kuingia mapafuni. Akitoa povu baada ya dawa chungu, usiogope mara moja. Mara nyingi ni uchungu tu. Akikohoa au akipumua kwa shida, acha na umwone daktari. Na mtu akiumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, aende kituo cha afya bila kungoja, kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukiambukiza.

Jambo moja halina mjadala: dawa za watu zisimfikie paka bila agizo la daktari. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama letu, na kidonge kimoja tu huweza kumuua. Hapo kumnywesha vizuri ndiko kutakuwa kosa.

Daktari alitupa vidonge vingine, tukaanza upya siku saba. Safari hii nilibandika karatasi ukutani yenye safu mbili: «tumempa» na «amemeza». Siku mbili za kwanza safu hizo hazikulingana, na tulimwambia daktari hivyo hivyo, naye akatuongezea siku. Jeraha lilifunga.

Siku hizi ni mama anayenisahihisha. Nikisema nimeshampa paka dawa yake ya minyoo, ananitazama kwanza, kisha ananiuliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: «Umemupa, ao umemunywesha?»