SADAKA KWA WANYAMA NA MAZINGIRA: TUMPE NANI?



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wapenzi, wazazi na walezi, mtakumbuka kuwa baada ya Iddi tulifungua kisanduku ambacho watoto walikuwa wakitia shilingi zao mwaka mzima. Wao wenyewe walikuwa wameazimia kwamba fedha hizo ziende kwa viumbe wasioweza kuomba. Kuazimia kulikuwa rahisi, kugawa kukawa kugumu. Wavulana wakubwa walitaka zipelekwe kwa tembo. Wasichana walitaka miti. Mtoto mmoja mdogo akanyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, na mbwa je?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, na sababu yake mtaiona mbele.

Kuna jambo jingine linalonifanya niandike. Miaka iliyopita alipita mtu na picha nzuri za wanyama, akikusanya michango nyumba kwa nyumba na kuahidi kurudi na taarifa. Nilimpa fedha za madrasa bila ya kumdai hata stakabadhi. Hakurudi. Zile zilikuwa amana za watoto, nami nitaulizwa juu yake. Basi tujifunze pamoja ili kosa hilo lisirudiwe.

JE, HII NI SADAKA KWELI?

Ndiyo. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa. Akatueleza pia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Tena akatufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Kwa hiyo yule mtoto aliyeuliza habari za mbwa hakukosea hata kidogo.

Lakini tusichanganye mambo. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratut-Tawba, na tembo au msitu haumo. Zaka ibaki kwa wenyewe, na Zakatul-fitri vilevile. Pia mzazi asiache nyumba yake na njaa akachangia ndege wa mbali, kwani walio chini ya ulezi wako ndio wa kwanza. Tunalolizungumza hapa ni sadaka ya hiari, ambayo mlango wake ni mpana.

MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUTOA

Kwanza, mpokeaji ajulikane. Nchini kwetu ipo Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002. Shirika la namna hiyo huwa na cheti cha usajili, ofisi na viongozi wanaotajika. Omba kuona cheti, dai stakabadhi, uliza taarifa ya mwaka jana. Mwenye kazi safi hachukizwi na maswali.

Pili, tazama kazi yenyewe, usitazame picha. Jane Goodall alifika Gombe, Kigoma, mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Baadaye aliona misitu ya nje ya hifadhi inakwisha kwa sababu wanavijiji walihitaji kuni na mashamba. Kuanzia mwaka 1994 taasisi yake ikaanza kufanya kazi na vijiji hivyo katika miche, maji, afya na kilimo. Yeye alifariki mwaka 2025, lakini somo limebaki: anayetaka kumlinda mnyama na akamsahau jirani wa mnyama huyo, kazi yake haidumu.

Tatu, uliza kama kazi inagusa nyoyo za wahusika. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilitengwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Wavuvi wake ni Waislamu, na baadhi yao walikuwa wakitumia baruti. Makatazo ya serikali peke yake hayakutosha. Taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Birmingham, Uingereza, ikishirikiana na shirika la CARE, iliwakalisha wavuvi, maimamu na walimu wa madrasa kuzungumza juu ya bahari kuwa ni amana ya Mwenyezi Mungu. Wavuvi wengi wakaelewa. Sheria ya mtu huweza kukwepwa usiku, lakini anayejua kuwa Mola wake anamuona hana usiku wa kujifichia.

Nne, pima manufaa kwa kila shilingi. Tukirudi kwa mbwa: kichaa cha mbwa huua karibu kila mtu anayekwisha kuonyesha dalili zake, na watoto wengi ni miongoni mwa wanaofariki. Wataalamu wanasema kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Hukohuko Pemba kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa huo. Uliporudi mwaka 2016 wakachanja tena hadi ukakatika mwaka 2018. Chanjo moja hapo imemlinda mbwa, na imemlinda pia mtoto wa jirani.

Tano, uliza: nisipotoa mimi, nani atatoa? Tembo ana marafiki wengi wenye fedha duniani. Simsemi vibaya, ni kiumbe wa Allah. Lakini kuku anayefungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kutwa nzima, nani amemchangia? Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ila wengi wetu hatujapata kuisikia.

Sita, yaliyo karibu unaweza kuyasimamia kwa macho yako. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani penginepo duniani. Wengi huzaliana kwenye maji ya kina kifupi, hapahapa tunapovuta kokoro na vyandarua. Juu yetu iko Milima ya Livingstone. Katika misitu ya upande wake wa kaskazini, karibu na Kitulo, wataalamu walimtambua kima aitwaye kipunji mwaka 2003. Milima hiyo ikivuliwa miti, mvua ya masika huteremsha udongo ziwani, na samaki na mvuvi wote hupata hasara.

TULIVYOAMUA

Baada ya kupima hivyo, watoto walipiga kura. Sehemu ya kwanza ilinunua chanjo ya kideri kwa kuku wa wajane na mayatima. Chanjo hii hutiwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kideri kikiingia humaliza banda zima, na kwa mama mjane banda hilo ndiyo ada ya shule. Sehemu ya pili ilikwenda kwenye miche ya mikuyu ya kupanda kandokando ya kijito. Hatukuchagua mikaratusi, kwani hunywa maji mno. Mjue pia kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji.

Na mbwa? Fedha hazikutosha. Lakini tulikwenda kwa afisa mifugo kuomba siku ya chanjo, na yule mtoto mdogo ndiye aliyepewa kazi ya kupita majumbani kuwahesabu mbwa. Hakuna anayemcheka tena.

Hesabu ya kila shilingi imebandikwa ukutani mwa madrasa pamoja na stakabadhi. Mzazi yeyote aje asome, na akiona kasoro aniambie mimi kabla sijaulizwa Siku ya Kiyama.

Wazazi, kisanduku cha mwaka huu kimeshafunguliwa mlango. Kaeni na watoto wenu nyumbani, wasomeeni maswali haya sita, kisha waacheni wachague.

Allah (s.w.) atutakabalie. Wabillahi tawfiq.