Msitu Uliharibika au Uliharibiwa? Gishwati katika Insha za Wanafunzi Wetu

Wasomaji wengi wa jarida hili wameitazama filamu ya Avatar iliyotolewa mwaka 2009, au walau wamesikia habari zake. Humo mna Pandora, dunia ya kubuni iliyojaa misitu mikubwa na viumbe wa kila namna. (Kwa hakika Pandora si sayari bali ni mwezi unaoizunguka sayari kubwa ya gesi, ingawa wengi huiita sayari.) Kampuni inatoka huku kwetu duniani, inakwenda kuchimba madini ya thamani, na msitu unafyekwa kwa mitambo. Sisi walimu wa lugha tuna sababu ya ziada ya kuipenda filamu hii: lugha ya wenyeji wa Pandora ilitungwa na mwanaisimu, Paul Frommer wa Chuo Kikuu cha Southern California, ikapewa fonolojia, mofolojia na sintaksia yake.

Tunaileta hapa kwa sababu kila tunapotoa mada ya mazingira, tunapokea insha zinazoieleza Gishwati kana kwamba ni Pandora. Mharibifu ni mmoja, ametoka mbali, ana mitambo. Au kinyume chake, mharibifu hayupo kabisa: "msitu uliharibika", basi. Namna zote mbili zinapotosha, na hiyo ya pili inahusu sarufi kama inavyohusu historia.

Tuanze na historia. Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati, ulioko Mkoa wa Magharibi wa nchi yetu, ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta 600 hivi. Hakuna mtambo mmoja uliofanya kazi hiyo. Katika miaka ya 1980 mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uligeuza sehemu kubwa kuwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu waliorejea nchini bila makazi walikaa humo, wakalima viazi na kuchunga mifugo. Nani angewaambia wasubiri? Sokwe na kima wakabaki katika kipande kidogo cha miti kilichozungukwa na mashamba.

Uchimbaji wa madini umo katika orodha hiyo, na hasa katika msitu jirani wa Mukura, ambako koltani na madini ya bati yamevuta watu kwa miaka mingi. Namna unavyofanyika inafaa kuelezwa, maana ndipo insha nyingi zinapokosea. Mchimbaji hana buldoza. Ana sururu, koleo, karai na maji. Anatoboa ubavu wa kilima, anatoa udongo wenye madini, kisha anaupitisha katika mfereji wa maji. Chembe za madini ya bati zina uzito wa takriban mara saba ya maji, ilhali mchanga wa kawaida haufiki mara tatu. Kwa hiyo madini hubaki chini na tope huenda zake. Anachopata ni kilo chache. Kinachoteremka bondeni ni udongo mwingi, na mti uliokuwa umeushika udongo huo umekwisha kung'olewa. Katika eneo la Gishwati vijito vingi humwaga maji yao katika mto Sebeya, unaoingia Ziwa Kivu huko Rubavu; aliyewahi kuuona wakati wa mvua anajua rangi yake.

Mwaka 2000 bei ya tantali, metali itokayo katika koltani, ilipanda ghafla duniani kote, kwani hutumiwa kutengeneza vipuri vidogo vya simu na kompyuta. Kwa hiyo ule utoka-mbali wa Pandora haukosekani kabisa katika kisa chetu. Ila mnunuzi ndiye aliye mbali, na mwenye sururu ni jirani.

Sasa turudi kwenye sarufi. Kitenzi haribu kinatupatia haribiwa katika kauli ya kutendwa na haribika katika kauli ya kutendeka. Tukisema "msitu uliharibiwa", msomaji ana haki ya kuuliza: na nani? Tukisema "msitu uliharibika", swali hilo halina mahali pa kukaa. Tumetaja hali tu. Mwanafunzi Mnyarwanda huifikia kauli hii kwa urahisi kwa sababu Kinyarwanda nacho kina kwangiza na kwangirika. Anawaza "ishyamba ryarangiritse", anatafsiri moja kwa moja. Sentensi yake ni sahihi. Inafaa kabisa anapoeleza msitu ulivyokuwa mwaka 2002. Haifai anapoulizwa sababu.

Kiambishi hicho kimejificha pia katika nomino. Mmomonyoko unatokana na momonyoka, na maporomoko na poromoka, kana kwamba udongo huamua wenyewe. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, Sebeya ikafurika, vilima vikaporomoka, na zaidi ya watu 130 walifariki nchini, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Hapo kuporomoka ni neno la haki, kwa kuwa mvua haikutumwa na mtu. Lakini mteremko uliofyekwa ulifyekwa na watu, na insha nzuri huziweka kauli zote mbili bega kwa bega.

Neno moja kuhusu msamiati. Kinyarwanda husema ikirombe kwa kila mahali panapochimbwa. Katika Kiswahili tunatofautisha mgodi, wenye njia za chini na uendeshaji rasmi, na machimbo, ambayo ni mashimo ya wazi, hata ya mchanga au mawe. Gasegereti tuiandike madini ya bati. Na badala ya "wachimbaji haramu", tunapendelea "wachimbaji wasio na leseni": kilichokatazwa ni kitendo, si mtu.

Tangu mwaka 2016 mabaki ya misitu hii miwili ni Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, ya nne nchini, yenye kilometa za mraba 34 hivi, na mwaka 2020 UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya bayosfia. Miti ya asili inarudishwa. Inarudishwa, si inarudi. Hapa tena kauli ina kazi.

Kwa walimu wa mwaka wa pili tunapendekeza zoezi hili. Mwanafunzi apewe sentensi "Msitu wa Gishwati uliharibika", aiandike upya mara nne kwa kauli ya kutendwa, kila mara akimtaja mtenda mwingine kwa "na", chombo chake kwa "kwa", pamoja na kipindi chake. Asiruhusiwe kutumia neno "binadamu". Insha zitakazotokana na zoezi hilo zinaweza kuletwa ofisini kwetu hadi mwisho wa muhula.