Nyambizi ya kujitengenezea: betri huharibiwa na shinikizo la maji

Vijana wanaounda nyambizi ndogo za kamera, zisizobeba mtu, huhangaika sana kuziba matundu. Silikoni inapakwa, kifuniko kinakazwa, chombo kinajaribiwa kwenye pipa la maji na hakivuji. Kikishushwa baharini kinarudi kimejaa maji na betri imekufa. Pipa halina kina.

Kila mita 10 unazoshuka, maji huongeza takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kifuniko cha duara chenye upana wa sentimita 10, kikifika mita 10, kinasukumwa kwa karibu kilo 80. Gari lililotumbukia kutoka kwenye feri Likoni, Septemba 2019, lilipatikana mita 58 chini. Huko, kifuniko hichohicho kingebeba zaidi ya kilo 450.

Kwa hiyo mkebe wa plastiki wa chakula haufai. Pande zake bapa hubonyea na kifuniko kikaachia. Tumia paipu nene ya duara, na oringi iliyopakwa grisi kidogo. Unywele mmoja au chembe ya mchanga chini yake inatosha kuleta maji. Kwanza shusha paipu yenye jiwe na karatasi kavu tu, kupita kina unachokitaka. Karatasi ikirudi kavu, ndipo utie betri.

Kwa kina kirefu, mimi napendelea kutopigana na maji kabisa. Jaza kasha mafuta yasiyopitisha umeme, hewa yote itoke, na upande mmoja uweke mpira laini. Shinikizo la ndani litalingana na la nje. James Cameron alipofika Challenger Deep mwaka 2012, betri zake za lithiamu zilikuwa nje ya chumba chake, zimezama kwenye mafuta ya silikoni. Mafuta ya transfoma pia hufaa (ya kununua, si yale yanayoibwa mitaani). Ila kapasita za mkebe zina nafasi ndani na huweza kupondeka. Betri za lithiamu za mfuko bapa huvumilia kuliko za kopo la chuma.

Na usichaji betri ndani ya kasha lililofungwa. Ile ya pikipiki, ya risasi na asidi, hutoa haidrojeni, na cheche moja inatosha kulipua kasha. Ya lithiamu iliyoingia maji ya chumvi inaweza kuwaka saa kadhaa baadaye: iache nje, mbali na nyumba, na kasha lilegeze polepole, uso ukiwa kando.