Kashata za Tairi Huenda Wapi?

Fundi akikuambia kwamba tairi lako limekuwa kipara, swali lako la kwanza ni bei ya jipya. Leo hebu tuulize jingine: zile kashata zimekwenda wapi? Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata zenye kina cha milimita 8 hivi. Hadi lichakae, limepoteza kilo moja ya mpira, pengine na zaidi. Matairi manne, kilo nne. Hakuna aliyeziona zikidondoka, lakini hazikuyeyuka.

Kila gari linaposhika breki, linapokata kona au kuondoka kwa kishindo, lami huukuna mpira kama mbuzi ikunavyo nazi. Chicha yake ni vumbi jeusi. Lililo laini kabisa hupaa tukalivuta puani. Lililo zito hulala kandokando ya barabara likingoja mvua. Mvua hulisukuma mtaroni, na mtaro huishia mtoni au baharini.

Huko majini linafanya nini? Kisa kilichochunguzwa vizuri kinatoka Seattle, kaskazini-magharibi ya Marekani. Kwa miaka mingi watu wa huko walimwona samaki aitwaye coho, wa jamii ya samoni, akitoka baharini na kupanda vijito vya mjini kwenda kutaga. Ikinyesha mvua, samaki huyo alianza kuzunguka-zunguka juu ya maji akitweta, na baada ya saa chache alikuwa amekufa, mayai yangali tumboni. Zilishukiwa dawa za mashambani, metali na mafuta machafu. Mwishoni mwa mwaka 2020 wanasayansi wakatangaza kuwa mwuaji amepatikana. Viwanda vya matairi huchanganya katika mpira kemikali iitwayo 6PPD, ili hewa ya ozoni isiupasue. Kemikali hiyo ikikutana na ozoni hugeuka kuwa nyingine, 6PPD-kwinoni, ambayo kiasi kidogo mno chatosha kumwua coho. Kinachoulinda mpira ndicho kinachozaa sumu.

Wapo samoni wengine katika vijito hivyo hivyo wasiokufa namna hiyo. Kwa hiyo asije mtu akasema kila samaki anayekufa Msimbazi ameuawa na tairi. Mto ule una mashaka yake mengine ya kutosha. Lakini matairi ya Dar es Salaam nayo yanakunwa, na mitaro yetu nayo inamwaga humo.

Sasa tuje kwenye uzito. Gari likiwa zito, mpira hugandamizwa zaidi na kulika zaidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 hairuhusu lori na shehena yake kuzidi tani 56, ndiyo maana madereva hupanga foleni kwenye mizani ya Vigwaza. Sheria hiyo inailinda lami, na ina hoja: majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa mzigo wa ekseli ukiongezeka mara 2, uharibifu wa barabara huongezeka mara 16 hivi. Vumbi la mpira halimo katika hesabu hiyo.

Wengine watasema, dawa ni gari la umeme. Moshi halitoi, kweli, na vumbi la breki hupungua kwa kuwa mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo. Lakini betri yake ina uzito wa mamia ya kilo, na linapoondoka huvuta kwa nguvu nyingi. Mpira unalipia. Jiji la Paris limeliona hilo: tangu Oktoba 2024, asiye mkazi mwenye gari la petroli la tani 1.6 au zaidi hutozwa euro 18 kwa saa kuegesha katikati ya jiji. La umeme nalo halikusamehewa; hubanwa likifikia tani 2. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni za kuweka kikomo cha kulika kwa matairi.

Hapa kwetu, trafiki akilikamata tairi kipara anawaza ajali, na ana haki. Lakini tairi lenye upepo pungufu, juu yake abiria wamejaa hadi mlangoni, linamwaga mpira barabarani tangu siku lilipofungwa. Geji fundi wa pancha anayo, na kipimo cha upepo, kwa magari mengi, kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.