Umeambiwa Ukafanye HSG? Cheki Vile Huwa Ukishalala Kwa Ile Meza

Mmeoana miaka miwili, na kila mkiingia ushago Disemba, macho ya mathe wa jamaa yanatua kwa tumbo kabla yafike kwa uso. Shangazi anauliza kama "mnakula vizuri huko Nairobi". Jamaa mwenyewe amekausha tu. Mwishowe unajitoa, unaenda kuona daktari wa wanawake, anakuuliza maswali mawili matatu, kisha anaandika herufi tatu kwa karatasi: HSG. Hata haujafika steji, ushaingia kwa simu kucheki hiyo ni nini, na kitu cha kwanza unakutana nacho ni dem analia ati hiyo maneno iliuma kuliko kuzaa.

Tulia kwanza, tukuchanue.

HSG ni eksrei ya mfuko wa uzazi na mirija. Jina lake refu ni histerosalpingografia na hata manesi hawajisumbui nalo. Mirija ni miwili, kila mmoja una kama sentimita 10 hadi 12, na kuna mahali nafasi ya ndani haifiki upana wa njiti ya kiberiti. Hapo ndani ndiyo yai na mbegu hupatana. Wengi hudhani mimba inatungwa kwa mfuko wa uzazi, kumbe inatungwa kwa mrija, halafu inasafiri siku kadhaa ndiyo ije ijishikilie kwa mfuko. Mrija ukiziba, yai liko, mbegu ziko, na haziwezi kuonana.

Shida ni kwamba eksrei ya kawaida haionyeshi mirija, na ultrasaundi ya kawaida pia haiwezi kukuambia kama iko wazi. Ndiyo maana wanapitisha kitu chenye kitaonekana. Watu hukiita rangi, lakini usitarajie kukojoa bluu. Ni maji yenye ayodini, na kwa eksrei yanatokea meupe.

Sasa kabla ujipeleke huko, swali moja. Bwana ashapimwa?

Hii tunauliza tukiwa siriasi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupitia shida ya kupata mtoto wakati fulani maishani, na lilisema mtu, si mwanamke. Kwa karibu nusu ya ndoa zenye mtoto anakawia, mwanaume ana mkono wake ndani, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Kupima mbegu ni rahisi: anakaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, anapewa kikopo, anaingia chumba, amemaliza. Hakuna kudungwa, hakuna kulala kwa meza, na mara nyingi bei iko chini sana kuliko HSG. Mwanamke kuingizwa mpira kwa kizazi wakati jamaa amekataa kikopo, hiyo kwetu si haki hata kidogo.

Kawaida daktari anaanza kuwapima mkishajaribu mwaka mzima bila kinga, ama miezi 6 kama umepita miaka 35. Kama ushawahi kuwa na maambukizi ya nyonga, kidole tumbo kilichopasuka ama mimba nje ya kizazi, usingoje huo mwaka uishe.

Siku ya kwenda haichaguliwi ovyo. Siku ya kwanza ya hedhi ndiyo siku ya 1, na HSG hufanywa kuanzia kama siku ya 6 hadi ya 11, ukishakauka na kabla yai litoke. Tangu hedhi ianze hadi upimwe, hakuna kulala na bwana bila kinga, ju wakipiga eksrei na kuna mimba changa ndani hiyo ni noma. Wengi wanakosea hapa: wanapiga simu wakishamaliza siku zao, wanaambiwa wiki imejaa, mwezi umeenda. Piga simu siku ile ile hedhi imeingia. Ukiuliza bei, uliza pia kama dawa yenyewe na ripoti viko ndani ya hiyo bei, usije ukafika dirishani ukaongezewa.

Waambie mapema kama una alaji ya ayodini ama ya dawa ya eksrei, kama una pumu, figo ama shida ya tezi ya shingo, na kama unameza metformin. Hii ya mwisho madem wengi husahau, ju wanaimeza sababu ya hedhi kuruka na hawajioni kama wagonjwa wa sukari. Na kama unatoka uchafu wenye harufu ama tumbo la chini linauma, sema. Watakutibu kwanza. Wakikurudisha nyumbani usidhani wanakuzungusha, maana kusukuma maji juu ya maambukizi ni kuyapeleka mbele kwa mirija.

Siku yenyewe, kula kitu kidogo. Meza dawa ya maumivu kama saa moja kabla. Wengi huambiwa Brufen, lakini kama una vidonda vya tumbo ongea na daktari akupe ingine. Beba pedi. Enda na mtu. Anaweza kuwa bwana, sista, hata jirani wa ploti, ilimradi kuna mwenye atakushika mkono mkitoka.

Ukifika, unaambiwa uende choo, unavaa gauni, unalala chali, magoti juu. Kama ushawahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, mwanzo ni ule ule: kile kifaa cha kufungua uke kinaingia, ni baridi na kinaudhi. Wanaosha mlango wa kizazi na dawa. Wakati mwingine wanaushika na koleo ndogo usisonge, na hapo unaskia kama umefinywa. Halafu mpira mwembamba unapitishwa ndani. Mingine ina kipulizo kidogo kwa ncha kinachojazwa ndiyo usichomoke, na wengi husema hiyo dakika ya kipulizo ndiyo iliwafanya waite mama.

Sasa mashine inaletwa juu yako na dawa inaanza kusukumwa polepole. Kama kioo kiko mahali unaona, angalia. Kwanza inatokea pembetatu nyeupe iliyopinduka. Huo ni mfuko wako. Kisha kwa kila kona unatoka mstari mwembamba kama uzi. Mirija ikiwa wazi, mwisho wa uzi unaona kitu kama moshi kinasambaa. Huo "moshi" ni dawa imemwagika ndani ya tumbo, na ndicho kitu daktari anatafuta. Mwili utaifyonza na utaikojoa, haikai huko. Unaweza kuambiwa ugeuke upande kidogo wapige picha ingine. Hiyo sehemu ya dawa huwa ni dakika chache, na shughuli yote mara nyingi inaisha ndani ya nusu saa.

Maumivu? Hatutakudanganya. Wengi huskia kama yale ya hedhi mbaya, yanapanda dawa ikiingia na kushuka mpira ukitoka. Wengine hawaskii kitu ya maana, wanarudi kazi. Na kuna wenye huskia vikali, hasa kama mrija umeziba, ju maji yanasukumwa na hayana pa kwenda. Hata misuli kukaza kwa uoga inaongeza. Una haki ya kusema "pole pole" ama "simama kwanza", na mtu anayejua kazi yake atasimama. Ukimaliza usiruke kutoka kwa meza kama umefukuzwa. Kuna wenye hupata kizunguzungu na kuzirai hapo hapo. Kaa dakika kadhaa.

Nyumbani utaona maji ya kunata na damu kidogo siku moja ama mbili. Tumia pedi, si ile ya kuingiza ndani. Kuhusu kulala na bwana, fuata vile umeambiwa. Wengi huambiwa wangoje siku moja ama mbili. Chenye hakikubaliki ni joto la mwili kupanda, uchafu wenye harufu, damu nyingi ama tumbo kuuma zaidi kila siku. Maambukizi baada ya HSG si ya kawaida, lakini yakikupata yanaweza kuharibu mirija yenyewe uliyoenda kupima. Rudi hospitali siku hiyo hiyo, usijitibu na chai ya tangawizi.

Halafu kuna ripoti, na hapa ndiyo watu huangushwa na neno moja: "imeziba".

Imezibia wapi? Kama ni mwanzoni kabisa, karibu na mfuko wa uzazi, inawezekana haijaziba. Misuli ya hapo hukaza ukiwa na uchungu ama uoga, dawa inakataa kupita, na picha inasoma kuziba. Wakati mwingine ni ute tu umekwama. Ndiyo maana daktari makini anaweza kurudia, ama kupitisha mpira mwembamba zaidi hadi kwa mrija wenyewe, ama kuangalia na kamera kupitia tundu dogo kwa tumbo huku akipitisha rangi. Usilie machozi ya mwaka mzima kwa picha moja.

Mrija mmoja wazi na mwingine umeziba? Wanawake wengi hushika mimba na mmoja.

Kuziba mwishoni, mrija ukavimba na kujaa maji, hiyo ndiyo stori nzito. Mara nyingi ni kovu la maambukizi ya zamani kama klamidia na kisonono, na klamidia kwa wanawake wengi hupita bila dalili yoyote. Unaweza kuwa uliipata ukiwa chuo na haukuwahi kujua. Na usikubali mtu aitumie hiyo ripoti kukuita malaya, maana maambukizi baada ya kuzaa ama mimba kutoka pia huacha kovu, hata TB. Hayo maji yakirudi kwa mfuko yanaharibu nafasi ya mimba, hata ile ya kupandikizwa, ndiyo madaktari wengi husema mrija kama huo utolewe ama ufungwe kwanza kabla ulipe doh ya IVF.

Ju ya hiyo doh: ukitafuta "kuzibua mirija" kwa Facebook utapata chupa za mitishamba, vijitufe vya kuingiza ukeni, na mvuke wa kukalia. Hakuna ushahidi kwamba hata moja inafungua kovu. Chupa unayokunywa inaenda tumboni, na vijitufe vyenyewe vinaweza kukuletea maambukizi mapya. Tunajua wenye huuza hizo vitu wana maneno matamu kuliko daktari wa saa tatu asubuhi, lakini daktari ana picha.

Kuna habari njema pia. Wanawake wengine hushika mimba miezi michache baada ya HSG bila tiba ingine. Utafiti wa Uholanzi uliotoka 2017 ulifuata wanawake 1,119: waliopitishiwa dawa ya mafuta, karibu 40 kwa kila 100 walikuwa na mimba inayoendelea ndani ya miezi 6, na wa dawa ya maji ni 29. Hiyo ya mafuta si kila kituo kinatumia, na ina ayodini nyingi inayokaa mwilini, kwa hivyo mwenye shida ya tezi aulize kwanza.

Picha zako ni zako. Zibebe, ziweke mahali mvua haifiki, uende nazo kwa kila daktari ndiyo usirudishwe kwa meza bure.

Na kama uliambiwa mrija una kovu, halafu mwezi fulani hedhi ikakosa kuja, furahi lakini usikae. Pima, ukikuta mimba enda skani karibu wiki ya 6 waone imekaa wapi, ju mrija wenye kovu huweza kuishikilia katikati ya njia. Ukiskia uchungu mkali upande mmoja, kizunguzungu, ama bega likianza kuuma bila sababu, usingoje kukuche. Amsha jamaa, ama jirani mwenye gari, mwende hospitali usiku huo huo.